Dawa ya Mguu wa Baba Yako

Mwanangu Meshaki,

Ugonile. Sisi tumeamka, ila upepo umelaza migomba. Simu nimeiogopa, baba yako angesikia.

Juzi nilimwuliza nesi anayemsafisha baba yako kidonda, ile dawa ya vidonda unayoihangaikia huko Dodoma, serikali iipe kibali na bima iilipie, imetengenezwa kwa kitu gani. Akasema ni utando wa kondo la nyuma la mzazi. Unasafishwa, unabandikwa kwenye kidonda, nyama inaota.

Nilikaa chini, mwanangu. Kondo lako bibi yako alilizika kwenye shina la mgomba, na hakuna anayepakanyaga. Nikamwuliza, "Na mwenyewe anajua?" Akacheka, "Mama, wanaombwa, wanatoa kwa hiari."

Lakini daktari amesema kidonda kisipofunga, mguu utakatwa. Baba yako kila siku anauliza dawa ya Meshaki imefikia wapi. Nimemwambia inakuja, ni dawa kama dawa nyingine. Basi wahimize hao wakubwa, baba, kibali kitoke upesi.

Akishapona na kutembea, mwambie wewe. Mimi sitaweza.

Mungu akulinde huko uliko.
Mama yako,
Felista