Mashine ya Boti ya Wandera

Jumanne, Machi 1977

Bado sijatulia. Shemeji Wandera ameleta mashine yake kuukuu ya boti, inakohoa na kuzima. Kesho anavuka ziwa kumchukua mkewe, dada yangu, aliyekwama Uganda. Wanajeshi wa huko wameshamuulizia dada mara mbili. Mashine ikizima katikati ya ziwa wakirudi, watawakuta wote wawili.

Nilibadilisha plagi, haikusaidia. Nikafungua kabureta, nikakuta maji kwenye petroli. Nikaiosha, nikachanganya petroli safi na oili, nikaiwasha mashine ndani ya pipa la maji isichemke. Ikanguruma vizuri. Halafu ikakohoa, mara moja tu.

“Umesikia?” nikauliza.

“Sijasikia kitu, shemeji.”

Alisikia. Hakuweza kuniangalia.

Nimemwambia tutaenda pamoja, mimi na spana zangu. Mke wangu bado sijamwambia.