Mzee wa Koridoni

Mama Watoto na nyie wanangu wawili,

Nimewahi kazini. Chai iko kwenye chupa. Kile kioo kirefu nilichobandika jana koridoni msikiguse, gundi haijakauka.

Mlikuwa mmelala fofofo, hakuna aliyeniona, lakini siri hii itanipasua. Asubuhi nilitoka kuoga bila miwani. Koridoni nikakutana na mzee mmoja kitambi wazi, uso umemkunjamana, ananijia. Nikampisha kushoto, naye huko huko. Nikampisha kulia, naye yumo. Basi nikainamisha kichwa: "Shikamoo, mzee." Nikasimama pale na taulo langu nikisubiri marahaba.

Ndiyo, mimi, fundi miwani wa miaka ishirini. Mganga hajigangi. Mama Watoto, ulinionya, nikakujibu kioo kitapanua nyumba. Kimeipanua kweli, kimeingiza na mtu.

~~Kibandueni kabla sijarudi.~~

Hapana, kiacheni. Nilipovaa miwani nikamtazama vizuri yule mzee: yeye na baba yangu ni shilingi kwa ya pili, hata mdomo kaununisha vilevile. Tangu nitupe kabati lake la zamani ili sebule ipumue, mwaka mzima sijamwamkia. Kioo nimekiamkia, baba nimemnunia!

Jioni nampitia, nije naye. Pikeni kwa watu watano. Taa ya koridoni iwashwe mapema.

Safari hii naitaka marahaba yangu.

Baba