Mbuzi wa Jirani Nilimtoa Malimbuko

Mpendwa mshauri, sikuandikii nipate faraja, maana faraja nimeshapewa na yule yule niliyemdhulumu, na hiyo ndiyo inayonikata pumzi. Naomba tu uniambie kama kuna mlango uliobaki, au yote yamekwisha.

Mimi ni mke wa shemasi, tuna watoto wanne, tulikaa mjini Kikula mpaka mume wangu Kalombo alipoumia mgongo kwenye shimo la madini, ndipo tukahamia kijijini, kwenye barabara ya Mwadingusha, tukaanza kulima. Miaka miwili iliyopita Leta ilitukumbuka: watu wa serikali walikuja na mradi, wakatoboa kisima cha pampu, wakatufundisha sisi akina mama kupanga bustani za mboga nyuma ya nyumba na kutengeneza mboji, tabaka la majani, tabaka la samadi, tabaka la majivu, kumwagilia, kugeuza kila baada ya wiki mbili, kisha wakaleta mbuzi majike kumi na mawili kwa familia kumi na mbili za kwanza, kwa sharti moja ambalo kila mmoja alilitilia sahihi mbele ya chifu, kwamba mwanambuzi jike wa kwanza ni wa familia inayokufuata kwenye orodha, na ukishamtoa huyo, mama yake na wote watakaozaliwa baadaye ni wako. Aliyeandikwa baada yangu ni Mayimuna, mjane, Mwislamu, wazazi wake walitoka Maniema, anaishi na binti yake Fatou wa miaka kumi na minne, na kati ya uwanja wake na wangu kuna mstari wa mihogo tu.

Mbuzi wangu alipokuwa na mimba alikataa kula siku tatu, analala tu na kuhema, nami kwa hofu nilisimama kanisani Kikula, Januari, wiki ya malimbuko, nikaweka nadhiri mbele ya watu wote kwamba Mungu akimfungua salama, mzaliwa wa kwanza ni wake. Akajifungua salama, mmoja, jike. Hapo ndipo akili ilinirudia, nikamwambia Kalombo kwamba huyu ni wa Mayimuna, tumetia sahihi, naye akanijibu bila kuinua kichwa: "Kitu ya Leta inangoja. Kitu ya Mungu haingoji." Tukakubaliana kwamba Mayimuna tutampa wa mzao wa pili na hakuna atakayejua tofauti. Mwezi wa tano, mwanambuzi alipoacha kunyonya, tukampeleka Kikula kwa pikipiki, akiwa ndani ya mfuko, kichwa nje, na Jumapili iliyofuata alikuwa ameshaliwa na wageni wa kongamano.

Hazikupita wiki mbili akaja Germain, ofisa wa mifugo wa mradi, ana daftari lake, anasema leo tunaandika makabidhiano. Mayimuna alikuwa amesimama nyuma yake ameshika kamba mpya, ameisokota mwenyewe, na banda lake lilikuwa limekwisha tangu Pasaka, zuri kuliko langu, limeinuliwa juu ya nguzo ili samadi ianguke chini iwe rahisi kuizoa. Germain akauliza mwanambuzi yuko wapi. Niliiona ile kamba, mshauri, nikasema amekufa.

Akauliza amekufaje. Sasa mimi kwenye mafunzo nilikuwa wa kwanza, walinipa hata jembe kama zawadi, kwa hiyo nikajibu kama tulivyofundishwa, homa, macho yana tongo, vidonda mdomoni, kuhara, siku ya tano amekufa, na nilipomaliza nikaona Germain anafunga kalamu yake polepole. Nilikuwa nimemsomea dalili zote za sotoka ya mbuzi, ile tauni inayofyeka kijiji kizima, bila kuacha hata moja. Akauliza nimemzika wapi, nikamwonyesha udongo niliokuwa nimeutifua asubuhi kando ya lundo la mboji, nilitaka kupanda mboga ya lengalenga. Akasema hapo hakuna mtu kufukua, na lundo lile lichomwe leo. Kibiriti niliwasha mwenyewe, mbele ya akina mama wote, kazi ya miezi mitatu. Mayimuna akaenda kwake, akarudi na beseni la majivu, akayamwaga juu ya kaburi kama tulivyofundishwa, kisha akanishika bega akasema: "Mama Jessy, usilie. Mbuzi njo mbuzi tu. Uko na batoto bane mu nyumba, bote bazima."

Tangu siku hiyo kijiji kimefungwa, mbuzi haingii wala hatoki, damu ya mbuzi wetu ilichukuliwa ikapelekwa Lubumbashi na miezi mitano imepita majibu hayajarudi, mbuzi wa awamu ya pili walipelekwa kijiji kingine, na tangi la maji na mabomba ya bustani ambavyo vilikuwa vije pamoja nao navyo vikaenda huko, kwa hiyo kiangazi chote pampu ilitosha ya kunywa tu na bustani zimekauka, hata matembele. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakampata. Walisema Mayimuna alikuwa na haraka, walisema ni nani huja na kamba kabla hajapewa mbuzi, wakaanza kumwimbia mtoto wake, huyo mmoja aliye naye, kwamba mama yako alibeba kamba ya kifo. Siku moja pale pampuni Mayimuna aliweka bido lake la maji kwenye mstari, na Princesse, mwenyekiti wa kamati ya maji, akalisogeza kwa mguu akasema: "Weye ngojea bantu bamalize. Jicho yako iko nzito." Mayimuna akalifuata bido lake. Mimi nilikuwa wa pili kwenye mstari, mshauri. Nikachota maji yangu nikaenda nyumbani.

Septemba Fatou hakurudi shuleni, anaosha mawe ya wachimbaji mtoni, anarudi jioni mikono imepasuka kama ya mzee. Wiki iliyopita Mayimuna aliniita kwenye mihogo akaniambia mwisho wa mwezi wanahamia Kikula kwa kaka yake Amisi, ana chumba nyuma ya duka, na akaniomba mimi, mimi, nimlindie banda lake watu wasichome nguzo. Nikamwambia Kalombo kwamba sasa nasema. Akaniambia: "Ukisema bataniondoa ku ushemasi, na Leta itatufunga. Mutoto ya mbuzi alikwisha kuliwa. Atarudi?" Mbuzi mama bado yuko, amefungwa kwangu, ana afya, kila nikimtazama natamani angekufa kweli. Nifanye nini?

Mama Jessy, barabara ya Mwadingusha

*

Mama Jessy,

Majina yote nimeyabadilisha, na lako pia, lakini kijijini kwenu watakutambua kabla ya mstari wa kumi. Kwa hiyo nakala ya majibu haya nimekutumia Alhamisi kwa dereva, na gazeti linatoka Jumamosi na kufika kwenu Jumatatu. Una siku tatu za kutangulia. Zitumie.

Umeuliza kama kuna mlango. Upo mmoja, na ni mfupi, utapita umeinama.

Tuanze na nadhiri, maana naona bado inakutisha. Mimi si mchungaji. Lakini malimbuko hutolewa katika kilicho chako, na mwanambuzi yule alikuwa wa Mayimuna tangu siku mlipotia sahihi, kabla hata mimba yake haijatungwa. Hukumtolea Mungu kitu. Ulimtolea cha jirani, na ukamwacha jirani alipe kwa jina lake.

Uongo wa siku ya Germain nauelewa. Mume ameumia, kamba iko mbele ya macho yako, neno moja likatoka. Watu wengi wangesema neno hilo. La pampuni silielewi. Siku ile hakuna aliyekuuliza kitu, hakuna aliyeshika daftari. Ulichotakiwa ni kusema "mwacheni," nawe ukachota maji. Usilichanganye kosa hili na lile la kwanza. Hili ni kubwa zaidi.

Sasa nikupe ninachokijua. Nimeongea na daktari wa mifugo ambaye ameifanya kazi hii miaka mingi. Anasema sotoka haichukui mwanambuzi mmoja na kumwacha mama yake na majirani wote wazima kwa miezi mitano. Ukisema ukweli, mwenye ujuzi atakuamini. Anasema pia kufunguliwa kwa kijiji kutahitaji maandishi, na maandishi huchukua muda. Mbuzi wa awamu ya pili hawatarudi mwaka huu. Tangi halitarudi. Mboji uliyoichoma haitarudi. Sitakuambia vinginevyo, umeshaishi na uongo vya kutosha. Kuhusu jela nimemuuliza wakili, akasema inategemea nani ameamka na hasira siku hiyo. Nenda ukilijua hilo.

Mume wako ameuliza kama mwanambuzi atarudi. Mwambie hapana. Kisha mwulize kuhusu Fatou. Huyo bado hajaliwa.

Fanya hivi. Leo hii mpigie Germain, mwambie kwa simu kwamba mwanambuzi hakufa, na umwombe awepo pampuni kesho asubuhi. Alikataza kaburi lisifukuliwe, basi lifukuliwe kwa ruhusa yake. Asipofika, nenda hivyo hivyo, kaburi utalifukua siku atakapokuja.

Kesho asubuhi, mabido yakiwa mstarini na Princesse akiwepo, sema maneno haya na usiongeze: "Mwanambuzi wangu hakufa. Tulimpeleka kanisani akaliwa. Mayimuna hakufanya kitu." Usiseme mbuzi alikuwa mgonjwa. Usimtaje shetani. Usimtaje Kalombo, ana mdomo wake. Kama utalia, lia ukishamaliza, ili wasikuhurumie kabla hawajasikia. Watakutukana. Mtu mmoja atakuambia wewe ndiwe uliyewanyima maji, na atakuwa anasema kweli. Usijitetee.

Habari ya mchungaji mwachie Kalombo. Aende Kikula amwambie kwamba wageni wake walikula mbuzi wa mjane. Kama ushemasi wake hauwezi kubeba sentensi hiyo, haukuwa unabeba kitu.

Mbuzi mama si wako. Soma tena ulichokitilia sahihi: angekuwa wako baada ya kumtoa wa kwanza, na hukumtoa. Siku Germain atakapofungua kijiji kwa maandishi, mfunge kamba umpeleke kwenye lile banda zuri. Kama Mayimuna atakuwa ameshahama, yeye ndiye atakayesema apewe nani. Wewe rudi mwisho wa orodha, ungoje zamu kama wengine.

Usimwombe Mayimuna abaki. Usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, utakuwa unamwongezea mzigo mwingine wa kukubebea. Mwambie ukweli akiwa peke yake kwanza, kabla ya watu wa pampuni, leo jioni, hapo kwenye mihogo, kisha nyamaza umsikilize hata kama hatasema kitu. Huenda atahama tu. Mimi nafikiri atahama, maana bido likishasogezwa kwa mguu si rahisi kulirudisha mahali pake. Basi ahame akiwa na jina lake, na Fatou aingie shule ya Kikula bila wimbo wa kamba kumfuata nyuma.

Limebaki kaburi. Umeandika kwamba kiangazi chote hakuna maji, kwa hiyo majivu ya Mayimuna bado yako juu yake, yamegandamana kwa umande. Usiyavunje kwa jembe. Yazoe kwa mikono yako, watu wa pampuni wakiwa wamekufuata mpaka kwako wanatazama, uyaweke pembeni. Kisha shika lile jembe walilokupa kwa kuwa wa kwanza, na uchimbe mpaka kila mmoja, Princesse akiwa mbele, aone kwamba chini hamna hata mfupa.