Skrini Ilisema Nyuzi Nne

Jumanne, ofisini Bilele. Mvua imeanza kabla hatujanywa chai, na moyo wangu mzito.

Jana nilikuwa Muleba. Kwenye zahanati moja kule tulifunga kifaa cha kulinda friji ya chanjo: friji ikipata joto, king'ora kinalia. Wikiendi friji iliharibika, king'ora hakikulia. Skrini ya kifaa ikaendelea kuonyesha nyuzi joto nne, kiwango salama, kama picha ya ukutani.

Sista Adela, muuguzi wa pale, imebidi azitupe chanjo zote. Kina mama waliotoka mbali na vichanga mgongoni wamerudishwa nyumbani. Sasa bosi wake anasema hakuikagua friji, anataka asimamishwe kazi.

"Waitu, ndugu yangu, niliangalia," aliniambia. "Asubuhi na jioni. Ilisema nne."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Leo nimelipata kosa. Ni kwenye programu niliyoiandika mimi, inayokaa ndani ya kenel, kwenye kiini cha mfumo wa kifaa, na kazi yake ni kukiuliza kipima joto. Kila ikiuliza, inachukua kipande cha kumbukumbu, ikijibiwa, inakirudisha. Umeme ukiyumba, kipima joto kinanyamaza. Hapo programu inaripoti hitilafu na kujiondokea, na kile kipande hakirudishwi. Vipande hivyo vikajaa wiki hadi wiki, mpaka kifaa kikaganda.

Mistari miwili tu ya kukirudisha ilikosekana.

Kwa nini hatukuona? Nimejiuliza mchana kutwa, na jibu linanitia aibu. Hapa ofisini umeme ukikatika tunafunga kompyuta, tunakwenda zetu kunywa kahawa. Majaribio yote tunayafanya umeme ukiwa umetulia. Ile njia ya hitilafu hatujawahi kuipita hata mara moja, na Muleba umeme unayumba kila mvua ikinyesha.

Deo, mwenzangu, anasema nirekebishe kimyakimya, tusije tukapoteza kazi za zahanati nyingine. Nimemkasirikia, halafu nikaona kwamba hata mimi nilishaliwaza hilo. Lakini Adela atakula nini? Kesho naenda Muleba kumwambia bosi wake kwamba iliyodanganya ni skrini yangu.

Umeme umekatika nikiandika hapa. Deo ameshavaa koti. Na mimi, kwa mazoea, mkono ulishaenda kwenye begi.

Nimekaa. Ile mistari miwili nimeshaiongeza. Kifaa kiko mezani kwa betri yake, kinakiuliza kipima joto kilichozimika, hakijibiwi, na mimi naangalia kama kinarudisha kile kipande.