Siku ya Tatu Hukuja

Yaya Zaina, dada yangu mkubwa,

Nilipoteza usikivu wa sikio la kushoto na miezi kumi na minne ya maisha yangu. Hasara hiyo ilianza siku ya tatu ya ndoa yangu, siku ambayo hukuja.

Usiniambie nimesahau mambo ya kambo, bibi yetu. Wewe ndiwe aliyekufundisha kupaka hina. Mimi nilitwanga majani tu, lakini macho nilikuwa nayo. Miaka thelathini mama ya mama yetu alichora mikono ya mabibi arusi wa Lubumbashi kwa waya wa shaba aliounoa juu ya jiwe, na hakuna hata mmoja aliyemmaliza siku ya arusi. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto alikiacha kitupu. Siku ya tatu alikwenda kukimaliza kule kwa mume, na huku akipaka alikagua kama amepigwa: shingo, mgongo, namna mtoto wa watu anavyokaa. Hata Jumamosi ya salongo, raia wote wakifagia barabara, yeye alipita na bakuli lake.

Unamkumbuka yule mama mkwe wa Bel-Air?

"Kambo, kidole kimoja tu! Tutakipaka siye benyewe."

"Miye siyamaliza kazi yangu. Toka mu mulango."

Tulikwenda watatu, tukarudi wanne, bibi arusi katikati yetu.

Mimi ulinipaka wewe. Kidole ukakiacha, vizuri kabisa. Siku ya tatu nilikaa na shavu limevimba, nikisikiliza kila hatua nje. Kumbe uko Kasumbalesa, mpakani, na vitenge vyako, umepanda lori la ndugu ya mume wangu. Tangu lini alikuwa anakubeba?

Baada ya miezi kumi na minne nilijitoa mwenyewe mu nyumba ile. Hina nilijifundisha mwenyewe. Leo nimepaka mabibi arusi sitini na wawili, na nimerudi kwa wote sitini na wawili.

Sasa binti yako anaolewa Jumamosi, na mimi ndiye ninayempaka. Ananiuliza: "Mama mudogo, juu ya nini mama aliacha hina?" Nimemwambia angoje.

Dereva aliyekuletea barua hii anarudi Ijumaa. Kabla ya swala ya adhuhuri nataka jibu mkononi: ulipopanda lori lile, ulijua kwa nini watu wa mume wangu hawataki ufike kwangu? Ndiyo au hapana. Ukinyamaza, nitamweleza binti yako ninavyofikiri mimi.

Mudogo wako