Mama wa Mwazye na Picha ya Mwanawe

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Chanji baridi imeshika, ulezi tumevuna, na babu yako anakusalimu pamoja na kikohozi chake.

Hapana, hujaibiwa. Kasi ya intaneti uliyonunua huhesabiwa kwa megabiti, simu yako inaonyesha megabaiti, na biti nane ndizo baiti moja. Gawanya arobaini yako kwa nane, utapata hizo tano unazozilalamikia.

Hesabu hiyo niliijulia kazini kabla mvi hazijanipata, intaneti ilipokuwa ngeni mjini nami nikihudumia wateja kwenye chumba cha kompyuta. Mama mmoja wa kijiji cha Mwazye alikuja kuona picha ya mwanawe aliyekuwa masomoni ng'ambo. Laini ilileta kilobiti thelathini na mbili kwa sekunde, yaani kilobaiti nne tu, na picha ilikuwa kilobaiti mia tisa na sitini. Nikamwambia, "Mama, itachukua dakika nne, na gari lako la kurudi kijijini linapiga honi."

Picha ilikuwa inashuka kutoka juu: nywele, kisha paji la uso. Akavuta kiti, akakaa.

"Liende tu, mdogo wangu. Macho bado hayajafika."

Bibi yako