Mzee Kidevu na Picha ya Kwanza ya Kila Kamera

Mwaka umetimia, Baba, tangu ile asubuhi uliyokaa kitandani ukitafuta miwani huku umeipandisha utosini. Mama alikuonyesha, mkacheka wote wawili, akaenda kukuletea chai. Aliporudi ulikuwa umeshatutoka. Kikombe kile kilikaa juu ya kabati hadi jioni kwa sababu hakuna aliyethubutu kukigusa.

Mtaani walikuita Mzee Kidevu. Sisi tulikuwa watoto wa Kidevu, na shuleni tulitaniwa mpaka tukazoea. Jina ulijitafutia mwenyewe. Kila aliyeketi kwenye kigoda chako chekundu aliambiwa, "Kidevu juu kidogo. Siyo hivyo, hujaja kunyolewa!" Mtu akacheka, nawe hapo hapo ukabonyeza. Ndiyo maana picha zako za paspoti zilikuwa zinarudishwa kutoka maofisini kwa kosa la kutabasamu, ukapiga upya bure. Mama alisema utatufilisi kwa vichekesho.

Duka lako la kamera lilibanana kati ya fundi saa na duka la viatu, pale barabara kuu. Maduka mengine ya kamera yalikuwepo barabara hiyo hiyo, na yote uliyasema vibaya, kwa upendo. Tunakumbuka harufu ya dawa za kusafishia picha kwenye mashati yako na vidole vyako vilivyopauka. Tunakumbuka ulivyoipuliza lenzi kabla ya kuifuta, taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

Na tunakumbuka desturi yako, ambayo hatujaiona kwa muuza kamera mwingine. Mtu akinunua kamera, ulimwekea filamu mwenyewe, ukamkabidhi, kisha ukatoka nyuma ya kaunta na kusimama wima mbele yake. "Haya, nipige mimi kwanza." Akisita, ulimweleza kwamba mwanzo wa filamu hupata mwanga wakati wa kuiweka, kwa hiyo picha ya kwanza huungua nusu. "Usimharibu mtu wa maana," ulimwambia. "Ukiniharibu mimi hakuna hasara."

Halafu simu zikaja na kamera ndani yake. Duka la ng'ambo ya barabara ndilo lililotangulia kufungwa. Ulikwenda kumsaidia mwenzako kushusha kibao. Yakafuata mengine. Wauzaji wa jumla wakaacha kuleta filamu. Mashine yako ya kusafisha picha ikafa, kipuri hakikupatikana, ikawa meza ya kuwekea magazeti. Ukabaki na picha za paspoti, hadi maofisi yenyewe yakaanza kupiga watu papo hapo.

Bado kila asubuhi ulifungua, ukazifuta kamera zote za kwenye kabati la kioo, ukaketi. Tulipokusihi upumzike ulituuliza, "Nikifunga, mtu akiharibikiwa kamera yake ataipeleka wapi?" Ulitutoka ufunguo ukiwa mfukoni mwa suruali. Duka tumelirudisha kwa mwenye nyumba, na sasa panauzwa kava za simu.

Wakati wa mazishi ilitakiwa picha yako. Tulipekua nyumba nzima. Albamu zimejaa: Mama akiwa msichana, sisi vibogoyo, mbwa wa jirani, hata ile baiskeli iliyoibwa. Wewe huonekani popote. Simu zetu nazo vivyo hivyo, kwa sababu kila tulipokusanyika tulikukabidhi wewe. "Baba, tupige, wewe ndiye fundi." Nawe ukaipokea simu, ukarudi nyuma kidogo, ukatuambia tuinue videvu.

Ikabidi tuikuze picha ya kitambulisho chako. Mama aliitazama pale juu ya jeneza, akageuza uso. "Huyu si mume wangu," alisema. "Huyu ni mtu aliyeitwa kituo cha polisi." Tangu hapo akawa analilia jambo moja tu: kwamba kila akijaribu kuivuta sura yako ukicheka, inamponyoka, inakuja ile ya kitambulisho. Aliogopa kwamba atakupoteza mara ya pili.

Aliyemwokoa ni jirani yako, fundi saa. Alikuja na bahasha, akatoa picha kwa aibu. "Shemeji, hii ilikuwa kwenye droo yangu tangu siku niliyonunua kamera kwa marehemu. Imeungua, lakini sikuwa na moyo wa kuitupa." Upande wa kushoto ni mwanga mtupu. Upande wa kulia ni wewe: sikio moja, jicho moja na nusu ya kicheko. Mama aliishika kwa mikono miwili. "Mtundu wewe," alikuambia, machozi yakimtiririka, "kumbe ulijificha huko!"

Habari zikaenea. Muuguzi mstaafu akaleta yake, fundi cherehani akaleta yake, wengine wakatuma kutoka miji ya mbali. Kuna ambayo umekatwa kichwa, kuna ambayo umetikisika, na kuna ambayo kidole cha mpigaji kimekuziba pua. Zote unacheka. Mama alizipanga mezani kwa kufuata nywele zako. Za nywele nyeusi zilijaa meza. Mvi zilipoanza kuchomoza, picha zikawa za kutafuta. Kisha zikakoma, kwa sababu hakuna aliyenunua kamera tena.

Babu wanayemjua wajukuu, yule wa mvi tupu na mkongojo, hayumo hata kwenye moja. Miaka ile ambayo kila mtu alitembea na kamera mfukoni ndiyo ambayo hakuna aliyekupiga. Hilo linatuuma kuliko tunavyoweza kuandika.

Picha iliyo juu ya tangazo hili ni ile ya fundi saa. Mwanao wa kiume alitaka kuitengeneza kwa kompyuta, aijaze ile nusu iliyoungua. Mama alimkataza. "Mwacheni," alisema. "Ndivyo tulivyobakishiwa."

Unakumbukwa na mke wako, ambaye siku hizi tukimwelekezea simu anainua kidevu bila kuambiwa; na binti zako wawili, mwanao na mkweo; na wajukuu wako wanaogombania kigoda chekundu; na fundi saa, ambaye bado anagonga ukuta wa duka lako saa ya chai, kisha anakumbuka.

Ulikuwa ukisema kwamba ukiharibiwa wewe hakuna hasara. Hasara ipo, Baba. Siku zote tutakukumbuka.